Sindano ya Baba Mkubwa

Haya wadau, nimepotea wiki mbili, testi zilikuwa zimenibana. Leo sina umbea wa hosteli, nina historia.

Baba mkubwa yuko Dar, anatibiwa saratani ya tezi dume. Kila miezi mitatu anachomwa sindano moja. Jumamosi nilimkuta mbele ya feni, shati limelowa. "Mwanangu, huu ni ule moto wa mama zenu wakikoma hedhi." Tukacheka, kisha akanyamaza. Halafu: hivi nani alianzisha haya? Nikaona aibu, mtu wa historia mwaka wa tatu sijui kitu! Basi nikaingia maktaba.

Yote yanaanzia kwa mbwa. Charles Huggins, daktari mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa anachunguza majimaji ya tezi dume ya mbwa (kumbe mbwa dume wakizeeka nao huvimba tezi hiyo). Akaona tezi inalishwa na homoni ya kiume. Ukitoa korodani, inasinyaa. Mwaka 1941, yeye na mwenzake Clarence Hodges wakatoa matokeo ya wagonjwa ambao saratani ilishasambaa: walipohasiwa, wengi walipata nafuu, maumivu ya mifupa yakapungua. Nobel aliipata 1966, miaka 25 baadaye!

Ila fikiria kuambiwa uchague kati ya maumivu na kisu hicho. Wengine walipewa homoni ya kike ya vidonge, lakini mwaka 1967 utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani ukaonyesha kuwa dozi kubwa iliongeza vifo vya moyo.

Hapo ndipo anaingia Andrew Schally. Mwaka 1971 timu yake ilitangaza muundo wa homoni ya ubongo inayoamrisha korodani, baada ya kuitafuta kwenye bongo za nguruwe, maelfu kwa maelfu. Nobel 1977. Cha ajabu, dawa inayoiga homoni hiyo ikikaa mwilini mfululizo, mwanzoni inapandisha homoni ya kiume, halafu inaizima kabisa. Marekani iliidhinisha ya kwanza 1985. Ndiyo ukoo wa sindano ya mzee: kuhasiwa bila kisu. Jasho, hamu ya ndoa kwisha, misuli kulegea, mifupa kudhoofu, vyote vinatoka hapo hapo.

Mzee alienda zahanati moja (siitaji) akilalamika mkojo, akapewa dawa za UTI karibu miaka miwili. Hakuna aliyempima PSA, kipimo cha damu kilichokubaliwa Marekani 1986 kufuatilia wagonjwa na 1994 kusaidia kugundua. Hapo nilikasirika kweli. Lakini historia ikanitibua: mwaka 2010 Richard Ablin, mmoja wa watafiti wa mwanzo wa PSA, aliandika gazetini kuponda upimaji wa kila mwanaume, maana wengi hutibiwa saratani ambayo isingewaua. Jopo la wataalamu Marekani likapinga upimaji wa jumla 2012, kisha 2018 likasema wa miaka 55 mpaka 69 waamue na daktari wao.

Nikamsimulia. Akauliza moja tu: "Na kaka yako je?" Bro ana 46, na baba akiugua hatari ya mtoto inapanda. Nikampigia pale pale. Kasema atafikiria.

Sindano ijayo ni Alhamisi, nampeleka mimi. Kipindi cha asubuhi mtanidesea.