Uzio wa Wakanda na Uzio wa Mwadui

Mwaka 1966 mgodi wa dhahabu wa Geita ulifungwa. Ulikuwa umechimbwa chini ya ardhi tangu 1936, na kwa miaka hiyo 30 hapakuwa na mgodi wa dhahabu mkubwa kuliko huo Afrika Mashariki. Mwaka huohuo, huko New York, kampuni ya Marvel ilifungua mgodi wa kwenye karatasi. Toleo la 52 la jarida la katuni la Fantastic Four, la Julai 1966, lilileta nchi ya Wakanda na mfalme wake T'Challa, anayejulikana kama Black Panther. Hadithi iliandikwa na Stan Lee, ikachorwa na Jack Kirby.

Wengi wetu tuliijua Wakanda kwa filamu ya mwaka 2018. Lakini filamu inapita haraka, ilhali katuni inakuacha utulie kwenye mchoro mmoja kadiri upendavyo. Mtu wa Shinyanga au Geita akitulia hivyo, atakuta kwamba yaliyochorwa nyuma ya mashujaa yanamhusu kuliko mashujaa wenyewe.

Tuanze na msitu. Kirby alichora msitu wa mitambo: matawi yake ni nyaya, mawe yake yana vitufe. Wageni kutoka Marekani wanaingia wakidhani wamefika porini, kumbe wamo ndani ya mashine iliyotengenezwa na wenyeji. Mwaka 1966 katuni nyingi za Magharibi zilikuwa bado zinaichora Afrika kama pori lenye wanyama na watu wa kuokolewa. Mchoro huu ulikwenda kinyume.

Kisha kuna madini ya Wakanda, yaitwayo vibranium. Vibranium haikuanzia Wakanda. Ilitokea kwanza katika toleo la 13 la Daredevil, la Februari 1966, ikiwa madini ya nchi ya kubuni iliyoko Antaktika. Miezi michache baadaye Wakanda ikapewa kilima kizima cha vibranium, na masimulizi yaliyofuata yakaeleza kuwa ililetwa na kimondo. Madini yalitangulia, nchi ikafuata. Kanda ya Ziwa tunaujua mpangilio huo. Wajerumani waliripoti dhahabu ya ukanda huu mwaka 1894, na tangu hapo wageni wengi wameitafuta Geita kwenye ramani kwa sababu ya miamba yake.

Na kimondo nacho si jambo geni kwetu. Kule Ndolezi, Mbozi, kipo kimondo cha chuma cha takriban tani 16. Wenyeji walikuwa wakikijua zamani, lakini dunia ya nje ilikisikia mwaka 1930. Muda mfupi baadaye kipande chake kilikatwa kwa msumeno kikapelekwa Uingereza, na alama ya mkato ule inaonekana hadi leo.

Toleo la 53 la Fantastic Four, la Agosti 1966, ndilo linaloeleza kwa nini Wakanda inajificha. Klaw, mtaalamu wa sauti, anakuja na watu wenye silaha kuchukua vibranium, na mfalme T'Chaka anauawa. Mwanawe T'Challa, akiwa bado kijana, anaigeuza silaha ya Klaw dhidi ya Klaw mwenyewe. Baada ya hapo T'Challa anauza vibranium kidogo tu, kwa kiasi anachoamua yeye, na fedha hiyo inageuka kuwa elimu na mitambo.

Dokezo jingine lilikuja mwaka 1988, katika mfululizo wa Black Panther wa Peter B. Gillis na Denys Cowan. Humo Wakanda inagombana na nchi ya jirani iitwayo Azania, inayotawaliwa na wazungu wachache, na msomaji wa wakati ule alitambua mara moja kwamba ni Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Lakini katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza, Azania ilikuwa pwani hii yetu, na soko lake la mwisho, Rhapta, wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha PAC, waliokuwa na ofisi Dar es Salaam, waliichagua Azania iwe jina la nchi yao itakapokuwa huru. Katuni ikawapachika jina hilo watesi wao.

Sasa tuje Mwadui, mkoani Shinyanga. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua hapo mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146, miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Mwaka 1947 lilitoka jiwe la waridi la karati 54.5, akalitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Likachongwa hadi karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaliweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mwadui ukawa mji ndani ya uzio, wenye hospitali, shule, uwanja wa ndege na walinzi. Nje ya uzio, watu wa Maganzo na vijiji jirani waliishi kando ya utajiri ambao kuufikia kulihitaji kibali.

Hapo ndipo ninapoona nguvu ya Lee na Kirby. Waliuchukua mji wa madini wenye uzio, wakamweka mwenyeji ndani na mporaji nje. Williamson alipofariki mwaka 1958, kampuni ya almasi ya De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika walinunua mgodi nusu kwa nusu. Wasukuma wa pale hawakuwa na kiti mezani.

Tanzania imejaribu kuupindua mpangilio huo. Aprili 2018, miezi miwili tu baada ya filamu kutoka, ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite Mirerani. Machi 2019 soko la madini likafunguliwa Geita, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa wazi pa kupima na kuuza dhahabu yake. Hatua zote mbili ni za maana, ila msomaji wa toleo la 53 atadai zaidi. Wakanda haikutajirika kwa kujifungia. Ilitajirika kwa sababu kila kipande kilichouzwa kilirudi kuwa darasa na karakana. Tukihesabu madarasa na karakana za Kishapu, Kahama na Geita, ndipo tutajua kama kuta na masoko yetu yanafanya kazi iliyokusudiwa.