Kadi za Pokémon za Kijapani

Kadi za Pokémon za Kijapani ni kadi za mchezo zinazochapishwa kwa ajili ya soko la Japani, ambazo pia huagizwa na wakusanyaji wa nchi nyingine. Zilianza kuuzwa Oktoba 1996 na kampuni ya Media Factory; toleo la Kiingereza liliingia madukani Marekani mwaka 1999.

Ukubwa wake ni milimita 63 kwa 88, sawa na za Kiingereza, lakini mchoro wa upande wa nyuma ni tofauti. Kadi za uchapaji wa kwanza wa 1996 hutambulika kwa kukosa alama ya uadimu kwenye kona ya chini kulia. Inayosifika zaidi ni Pikachu Illustrator, iliyochorwa na Atsuko Nishida na kutolewa zawadi kwa washindi wa mashindano ya kuchora ya jarida la CoroCoro Comic, 1997–1998.

Bei hutegemea uadimu na hali ya kadi: kona zilizochakaa, mikwaruzo au picha isiyokaa katikati huishusha. Kampuni za ukaguzi kama PSA huipa kadi daraja kati ya 1 na 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki.