Bbombo wa Kisenyi

Baina ya kilima cha Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, na kilima cha Nakasero walikokaa watawala wa Kiingereza, liko bonde la Kisenyi, ambalo katika miaka ya 1950 lilikuwa lingali nje ya manispaa ya Kampala, chini ya serikali ya Mengo, nalo limejaa Waganda na wageni wa kabila nyingi. Kila kundi lilikuja na tiba zake. Amma Waganda walikuwa na bbombo, mmea utambaao, wa jamii moja na karela, ambao huota wenyewe juu ya nyua na katika mashamba yaliyoachwa, wenye majani ya harufu kali na tunda la rangi ya machungwa.

Heshima yake kuu imo katika kuzaliwa pacha. Zamani Waganda waliitakidi kuwa pacha ni atia ya Mukasa, mungu mwenye ziwa. Kwa hiyo wazaliwapo Wasswa na Kato, kama ni wavulana, au Babirye na Nakato, kama ni wasichana, baba akaitwa Ssalongo na mama Nnalongo, jamaa hujifunga bbombo miilini, wakacheza na kuimba maneno ambayo siku nyingine ni aibu kuyatamka mbele za watu. Wamisionari waliyalaani, mimi nayaona kuwa shukrani ya watu waliojua jinsi uzazi wa namna ile ulivyokuwa hatari.

Na mmea ule ule wa ngoma ndio wa tiba: hutiwa katika ekyogero, maji ya mitishamba anayoogeshwa mtoto mchanga, na majani yake hukamuliwa kwa ajili ya homa. Mwaka 2005 Paul Waako na wenzake walitangaza kwamba dawa iliyotolewa katika mmea huo iliwarefushia maisha panya wenye malaria. Huo si ushahidi wa kumponya mwanadamu, lakini waashiria kwamba huenda waliokamua majani yale hawakuwa wakibahatisha.

Leo Kisenyi imejaa saruji, vinu vya mahindi na maduka ya Wasomali. Mitishamba huletwa kutoka mashambani hadi Soko la Owino, jirani yake, ambako akina mama huiuza kwa mafungu, kando ya emmumbwa, udongo uliokandwa pamoja na majani ukakaushwa, ambao mjamzito huusugua penye jiwe, akaukoroga katika maji na kunywa.