Fiston Mayele: mshambuliaji wa Kongo aliyepanda kwa njia ya Tanzania

Fiston Kalala Mayele alizaliwa Mbuji-Mayi tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka wa 1994. Ni mshambuliaji wa kati wa Pyramids FC ya Misri na wa Léopards, ekipe ya taifa letu. Vijana wengi wa hapa wanaamini kwamba mchezaji bila Ulaya si kitu. Huyu jina lake limekua Afrika hii hii.

Kutoka Vita Club hadi Yanga

Mwaka wa 2021 Mayele alitoka AS Vita Club ya Kinshasa, akaenda Young Africans ya Dar es Salaam, ile inayoitwa Yanga. Wakati ule Simba ilikuwa imebeba ubingwa wa Tanzania mara nne mfululizo. Mwezi wa 9, kwenye Ngao ya Jamii, Yanga iliifunga Simba 1-0, na bao lilikuwa lake. Namna yake ya kushangilia, watu wakaiita kutetema, na watoto wakaanza kuiiga kila mahali.

Msimu wa 2021/22 Yanga ilipata ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mayele alifunga 16, bao moja tu nyuma ya George Mpole wa Geita Gold. Msimu uliofuata alifikisha 17, sawa na Mrundi Saidi Ntibazonkiza wa Simba.

Siku ya kucheza na Mazembe

Mwaka wa 2023, katika Kombe la Shirikisho la CAF, Yanga iliwekwa kundi moja na TP Mazembe. Kwa wapenzi wa mpira wa Katanga ya zamani, huo ulikuwa mtihani: mtoto wa nchi upande mmoja, Mazembe upande wa pili. Yanga ilishinda 3-1 Dar es Salaam, tena 1-0 Lubumbashi kwenyewe.

Ilifika hadi fainali na USM Alger. Dar es Salaam, Yanga ilipoteza 2-1, na bao la Yanga lilifungwa na Mayele. Kule Algiers ilishinda 1-0 kwa penalti ya Mkongo mwingine, Djuma Shabani. Jumla ikawa 2-2, lakini kombe likaenda Algeria kwa sababu ya mabao ya ugenini. Mayele alimaliza mfungaji bora wa mashindano, mabao 7.

Misri na kombe kubwa

Katikati ya 2023 alihamia Pyramids. Ligi ya Mabingwa ya kwanza haikuwa nzuri: Pyramids ilitolewa kwenye makundi, na Mazembe ya kundi lile lile ikapita.

Msimu wa 2024/25 mambo yaligeuka. Nusu fainali, Pyramids iliitoa Orlando Pirates kwa 3-2, Mayele akifunga mara mbili. Fainali ilikuwa na Mamelodi Sundowns: 1-1 Pretoria, halafu 2-1 Cairo tarehe 1 mwezi wa 6. Bao la kwanza la Cairo lilikuwa lake. Hilo lilikuwa kombe la kwanza la Pyramids katika Ligi ya Mabingwa. Mwezi wa 9, huko Jeddah, alifunga mabao matatu peke yake, Pyramids ikaipiga Al Ahli ya Saudi Arabia 3-1.

Ndani ya Léopards

Kwenye ekipe ya taifa nafasi haikuwa rahisi. Cédric Bakambu na Yoane Wissa, wote wawili wazaliwa wa Ufaransa, ndio waliozoea kutangulizwa mbele. Hata hivyo, kocha Sébastien Desabre alimchukua Mayele kwenye CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Kongo ilitoka sare 0-0 na Tanzania kwenye kundi, ikamaliza ya nne.

Mwezi wa 11 mwaka wa 2025, huko Rabat, CAF ilimpa Mayele tuzo ya mchezaji bora wa vilabu vya Afrika. Alikuwa na miaka 31, na hatua yake kubwa ya kwanza nje ya nchi ilikuwa Tanzania, ng'ambo tu ya ziwa letu.