Kwa nini simu ya intaneti hukatika huku ujumbe wa sauti ukisikika vizuri

Wasikilizaji wanaotupigia kwa WhatsApp kutoka mwalo wa Nkome hulalamikia jambo moja. Ujumbe wa sauti unafika safi, lakini wakipiga simu tunaongea wote kwa pamoja, tunanyamaza wote, halafu "haloo, haloo". Bando ni lilelile, mnara uleule. Tofauti ni muda.

Ujumbe wa sauti unaweza kusubiri. Kilichopotea njiani hutumwa tena. Kwenye simu, kilichochelewa kimepotea. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikioni. Ikipita 400 mazungumzo hayaendi. Enzi za intaneti ya setilaiti, safari ya angani peke yake ilimeza kama 250. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mzigo huo ulipungua sana.

Programu inayobana sauti huitwa kodeki. Hukata sauti vipande, mara nyingi vya milisekunde 20, na kila kipande husafiri katika pakiti yake. Mbona visikatwe vidogo zaidi, vifike upesi? Kwa sababu kila pakiti ina bahasha yenye anwani, kama baiti 40. Vipande vya milisekunde 20 vinahitaji bahasha 50 kwa sekunde, sawa na kilobiti 16. Vya milisekunde 2.5 vinahitaji bahasha 400, yaani kilobiti 128. Bahasha inakuwa nzito kuliko barua, na mnara wenye watu wengi unalemewa.

Kodeki inayotumika sana sasa ni Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti Septemba 2012. Iliunganisha SILK ya Skype na CELT ya Xiph.Org. Mtandao ukidhoofika inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde, na pakiti ikipotea hukisia sauti iliyokosekana kutokana na iliyotangulia.

Kukisia kunaokoa "aaa" ndefu ya salamu. Silabi nzima ikipotea hakuna cha kukisia, na kati ya "elfu sita" na "elfu saba" tofauti ni silabi mbili tu. Ndiyo maana anayetupa bei ya dagaa hewani tunamwomba airudie, na ikibidi aitume kwa maandishi.