Benga ya Mwanzo katika Nyumba za Kimumu

Katika sanaa zote zilizokulia nchini mwetu tangu uhuru, sioni hata moja iliyodhulumiwa na wanaojiita wajuzi kama benga ya zama zake za mwanzo, yaani ile iliyopigwa baina ya katikati ya miaka ya 1960 na mwisho wa miaka ya 1970 kwa magitaa mawili, besi moja na ngoma zisizo na mapambo, ikatiwa katika santuri ndogo za mizunguko 45 na kuuzwa katika maduka yale yale yaliyouza baiskeli na taa za kandili. Husemwa kwamba ulikuwa muziki mchanga, wa haraka mno, ulionaswa vibaya, na kwamba thamani yake ni kuwa ulitangulia kazi bora zaidi zilizokuja baadaye. Mimi niliyeusikiliza tangu ujanani, na ambaye sasa mvi zimekwisha kunienea, nasema kinyume: haraka ile na ufukara ule wa vyombo ndio uzuri wenyewe, na kila kilichoongezwa baadaye, hasa vinanda vya umeme, kiliupunguza.

Asili ya muziki huu si Nairobi. Kando ya ziwa kubwa Wajaluo walikuwa na nyatiti, kinubi cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake huketi juu ya kigoda kifupi, pete nzito ya chuma ikiwa katika kidole gumba cha mguu wake, akawa anaigonga kwenye kinubi huku njuga zikilia mguuni na ulimi wake ukisifu au kulaumu, hata mtu mmoja akatosha kuwa mpigaji, mwimbaji na mshika mapigo. Gitaa lilipoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili, na sifa za Jean Bosco Mwenda wa Katanga zilipovuma baada ya Hugh Tracey kuinasa sauti yake mwanzoni mwa miaka ya 1950, vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kupiga kwa vidole kama yeye. Kwa Waluhya, George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 angali kijana, aliliimbia gitaa kavu huku chupa ya soda ikigongwa kando yake kuwa ndiyo ngoma. Lakini wale wa Nyanza, ambao miongoni mwao John Ogara hutajwa na wengi kuwa wa kwanza, na Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati katika Tanganyika, kuwa mashuhuri kupita wote, hawakuridhika na kuiga. Walilitwaa gitaa wakalifunza lafudhi ya nyatiti, sauti moja moja zikifukuzana bila kupumzika, na besi ikapewa ujasiri ambao haikuwa nao katika rumba ya Kongo.

Na benga ilifikaje huku kwetu? Uasin Gishu ilikuwa nchi ya mashamba makubwa tangu Makaburu walipopanda na mikokoteni yao ya ng'ombe mwaka 1908, na mji wa Eldoret ulijengwa juu ya shamba nambari 64, ndiyo sababu wazee wanauita Sisibo hata leo. Ngano, mahindi na miti ya miwati vilitaka mikono mingi, na baadaye viwanda vya nguo vikataka mingi zaidi, basi Wanandi na Wakeiyo wakajikuta wakiishi ukuta kwa ukuta na Waluhya, Wajaluo na Wakisii. Hapa Kimumu, kando ya njia iendayo Iten, mshahara wa mwisho wa mwezi ulileta santuri kabla haujaleta blanketi. Aghalabu hatukuyajua maneno yaliyoimbwa, wala hayo hayakutuzuia kitu, kwani mguu hautaki mkalimani.

Fauka ya hayo, mji wa Kericho haukuwa mbali. Pale, katikati ya mashamba ya chai yaliyokusanya wafanyakazi wa kila kabila, aila ya Chandarana ilifanya biashara ya santuri na kunasa nyimbo za wapigaji wa magharibi ya Kenya, wakubwa kwa wadogo, bila kuwalazimisha kwenda kubembeleza makampuni ya Nairobi. Kwa njia hiyo benga ikapata sauti ya Kikalenjini, na Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, wakiimba kwa Kikipsigis ambacho Mnandi wa Kimumu anakisikia bila taabu, wakatupa haraka ile ile tuliyoipenda, mara hii pamoja na maneno yake.

Santuri yenyewe nataka niieleze, maana vijana wengi hawakuiona ikifanya kazi. Ilikuwa na upana wa inchi 7, na upande mmoja haukuutosha wimbo. Upande wa kwanza waimbaji wawili walikwenda sambamba, gitaa la solo likiwajibu kila walipovuta pumzi. Kisha, mambo yalipoanza kukolea, sauti ikafifia na kukatika, kwa kuwa nafasi imekwisha. Ilimpasa mwenye nyumba ainuke, aigeuze santuri, aweke tena sindano, na ikiwa santuri imechakaa aweke na sarafu ya senti kumi juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke. Na muda huo wote hakuna aliyeketi. Upande wa pili ulipoanza, waimbaji walikwisha nyamaza, rithimu ikarudi nyuma, na solo ikabaki na besi zikikimbizana mpaka mwisho. Sijapata kusikia katika muziki wowote subira iliyolipwa vizuri hivyo.

Haraka hiyo haikuwa yetu peke yetu. Miaka michache baadaye, mnamo 1980, vijana wa Washington huko Marekani waliokuwa wakipiga muziki wa panki wa kasi kupita kiasi waliunda kampuni yao, Dischord, wapate kutoa santuri zao bila kungoja idhini ya wakubwa. Nikisikiliza kazi za bendi ya Minor Threat, au za Bad Brains, Weusi wa mji huo huo, natambua tabia niliyoijua zamani, ya watu waliokuwa na la kusema na wakaona kungoja ni hasara.

Wafanyabiashara wetu nao hawakungoja. Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bungeni, alizipeleka santuri zake mbali hata kusini mwa Afrika, wapigania uhuru wa Zimbabwe wakazisikia wakiwa ughaibuni katika kambi zao, na nchi ile ikapata muziki uitwao kanindo na mwingine uitwao sungura, kwa jina la chapa mojawapo ya santuri hizo. Nyumbani hadhi ya benga ilikuwa ndogo. Mwaka 1980 redio ya Sauti ya Kenya iliamriwa ipige muziki wa nchi kwa robo tatu ya wakati wake, na amri hiyo ikaachwa upesi, jambo ambalo bado linaniuma. Kisha zikaja kaseti za wizi, zikamnyang'anya mpigaji riziki yake kweupe, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 biashara ya santuri ilikuwa imekwisha.

Mwaka 2008 jumuiya ya Ketebul ya Nairobi ilitoa kitabu na filamu juu ya tarikhi ya benga, kazi adhimu ninayoiheshimu. Iliyobaki ni kazi ya majumbani. Santuri za Kericho hazikuchapishwa kwa wingi, nazo mpaka leo zimo masandukuni mwa wazee kuanzia hapa mpaka Kapsabet, bila majalada, majina ya wapigaji yakiwa yamefutika kwa vidole. Na mwenye kuwajua wapiga solo wale na ayaandike majina yao sasa hivi, kwa kalamu ya wino, juu ya karatasi ile ya katikati.