Masisi na Walikale mbele ya kura ya Ndiyo na Hapana

Raia wa Uswisi akitaka kubadili katiba ya nchi yake, hana haja ya kumbembeleza mbunge. Anaandika pendekezo, anatafuta wenzake, na wakikusanya sahihi 100,000 ndani ya miezi 18, pendekezo lao linakwenda kupigiwa kura na nchi nzima. Utaratibu huo ulianza mwaka 1891. Sahihi zilikuwa 50,000 hadi zilipopandishwa mwaka 1977. Wachache wanajua kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeandika idadi hiyo hiyo katika katiba yake. Kifungu cha 218 kinawapa Wakongo 100,000 haki ya kupeleka ombi katika mojawapo ya mabaraza mawili ya bunge, wakitaka katiba irekebishwe. Uswisi ina watu wapatao milioni tisa, Kongo zaidi ya milioni 100. Kwenye karatasi, basi, Mkongo amerahisishiwa kazi kuliko Mswisi.

Kwenye karatasi tu. Kifungu hicho hicho kinaliruhusu bunge kulimaliza jambo lenyewe: mabaraza mawili yakikaa pamoja na kupata sehemu tatu kati ya tano za kura, yaani asilimia 60, mwananchi haulizwi tena. Ndivyo ilivyokuwa Januari 2011, duru ya pili ya uchaguzi wa rais ilipofutwa kabla ya raia wengi kujua kwamba kuna kilichofutwa.

Lakini katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, suala la sahihi ni la baadaye. Huko swali lililotangulia ni nani mwenye haki ya kutia sahihi, na kwa zaidi ya miaka 60 kura ya maoni imekuwa ikilijibu swali hilo kwa namna iliyoacha majeraha.

Wilaya hizi mbili ni majirani wasiofanana. Walikale ni msitu: kilomita za mraba 23,475 za miti, mito na mashimo ya kasiterite (madini ya bati), nchi ya Wanyanga na Wakano, mahali ambapo ndege za mizigo zilizoea kutua juu ya barabara ya lami pale Kilambo. Masisi ni ndogo mara tano, kilomita za mraba 4,734 za vilima vya malisho, ng'ombe na viazi, na watu wamebanana. Wahunde wanahesabu ardhi hiyo kuwa ya mababu zao. Wabelgiji waliitazama wakaona nafasi. Kati ya 1937 na 1955, kupitia idara waliyoiita Mission d'Immigration des Banyarwanda, walihamisha watu wapatao 85,000 kutoka Rwanda na kuwaweka huko, wafanye kazi katika mashamba ya walowezi na wapunguze msongamano wa kwao. Huko Gishari wahamiaji walipewa hata uchifu wao wenyewe ndani ya ardhi ya Wahunde. Ukavunjwa mwaka 1957, baada ya kelele nyingi.

Mwaka 1960 Wabelgiji walipoandaa uchaguzi wa kuelekea uhuru, waliwaruhusu watu wenye asili ya Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) waliokaa Kongo miaka kumi au zaidi kupiga kura. Wengi wa Masisi wakapanga foleni kama wengine. Miaka minne haikutimia vizuri mambo yakageuka. Tume iliyokutana Luluabourg kuanzia Januari 1964 iliandika katiba mpya, na kati ya Juni 25 na Julai 10 wananchi wakaitwa kuikubali au kuikataa, isipokuwa katika sehemu zilizokuwa mikononi mwa waasi. Ndiyo ikashinda kwa wingi mkubwa. Nchi ikapata jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kifungu cha sita kikasema Mkongo ni yule ambaye angalau mmoja wa wazazi wake wa kale alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokuwa katika ardhi ya Kongo kabla ya Oktoba 18, 1908.

Kwa mtu aliyeletwa Masisi mwaka 1938 hesabu hiyo haikuwa na njia ya kutokea. Si rahisi kupata mfano mwingine ulio wazi hivi: kura ya wengi iliamua ni nani asihesabiwe tena miongoni mwa wapiga kura. Na haikuwa nadharia. Tangu mwaka uliotangulia Masisi ilikuwa imeshaingia katika ghasia ambazo wazee bado wanaziita vita vya Kanyarwanda.

Kura ya pili, ya Juni 1967, ilikuwa ya Rais Mobutu, na asilimia 97 na ushee ya Ndiyo inaeleza yenyewe ilivyoendeshwa. Katiba hiyo iliruhusu vyama visivyozidi viwili. Kikabaki kimoja, cha mwenyewe. Baada ya hapo uraia wa watu wa Masisi ulitolewa na kurudishwa ofisini, bila kumuuliza mtu. Sheria ya Januari 1972, iliyosukumwa na Barthélemy Bisengimana, mkuu wa ofisi ya rais, iliwapa uraia wote waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya Juni 1981 ikauondoa, ikadai asili ya kuanzia Agosti 1, 1885. Mwaka 1991 ikaja shughuli ya kuwatambua raia, nani aandikwe na nani aachwe, huku uchaguzi wa vyama vingi ukinukia na kila kundi likipiga hesabu ya vichwa. Machi 20, 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, vijana wenye silaha waliwashambulia Wahutu wa asili ya Rwanda. Moto ukapanda hadi Masisi, kisasi kikajibu kisasi, na maelfu wakafa pande zote.

Kura ya maoni ya tatu, Desemba 18 na 19, 2005, ndiyo ya mwisho Kongo imewahi kufanya. Aliyeisimamia alikuwa mwana wa Kivu Kaskazini, padri Apollinaire Malu Malu wa jimbo la Butembo-Beni, rais wa tume ya uchaguzi. Kwanza ilibidi watu waandikishwe, na safari hii zaidi ya milioni 24 walipita mbele ya kamera. Kilichobaki mifukoni mwao ni kadi ndogo yenye picha, iliyofunikwa plastiki. Nchi haikuwa na vitambulisho vya taifa, kwa hiyo kadi ya mpiga kura ikawa kitambulisho: unaionyesha kwenye kizuizi cha barabarani, unapopokea pesa, unapomwandikisha mtoto shule. Katika Masisi thamani yake ilikuwa kubwa zaidi. Mtu ambaye baba yake alipewa uraia na kunyang'anywa sasa alikuwa na jina lake juu ya karatasi ya serikali ya Kongo.

Asilimia 84 walisema Ndiyo, mashariki kwa shauku kuliko magharibi; watu waliochoka na vita walikuwa wakipigia kura amani. Kifungu cha 10 kiliweka uraia kwa kila aliye wa makundi ya kikabila ambayo watu wake na ardhi yake viliunda Kongo wakati wa uhuru. Ugomvi haukuisha, kwani "ardhi yake" bado ni maneno mawili yanayoweza kuwagawa watu wa kijiji kimoja. Ila mlango uliofungwa mwaka 1964 ulifunguliwa kwa njia ile ile uliyofungwa nayo.

Katiba hiyo ilikwenda mbali kuliko watangulizi wake. Kifungu cha 5 kinasema mamlaka ni ya wananchi, wanaoyatumia wenyewe kwa kura ya maoni au uchaguzi. Kifungu cha 214 kinakataza kutoa, kubadilishana au kuongeza kipande chochote cha ardhi bila Wakongo kuulizwa kwa kura ya maoni. Katika Kivu, ambako hofu ya nchi kugawanywa ni mazungumzo ya kila siku, kifungu hicho kina wapenzi wengi. Kifungu cha 219 kinazuia katiba kurekebishwa wakati wa vita, wa hali ya dharura au wa ule utawala wa kijeshi uitwao kwa Kifaransa état de siège.

Na état de siège iliwekwa Kivu Kaskazini na Ituri Mei 6, 2021, ikawa inaongezwa siku 15 kwa siku 15. Wakuu wa kiraia walipisha maofisa wa jeshi na polisi. Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza mjini Kisangani kwamba ataunda tume ya kufikiria katiba mpya, wapinzani walikimbilia kifungu hicho cha 219.

Wakati huo wananchi wa Masisi walikuwa wamekwisha kuonja hali ya kuachwa nje ya foleni. Desemba 2023 Kongo ilipiga kura bila Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita vya waasi wa M23. Beni ilikuwa imepatwa na jambo kama hilo mwaka 2018, Ebola na ukosefu wa usalama vikitajwa kuwa sababu, na wakazi wake wakajiandalia karatasi na masanduku yao wenyewe, wakapiga kura siku ile ile ya Desemba 30, ingawa hakuna aliyeihesabu rasmi. Masisi haikuwa na nafasi hata ya hilo. M23 waliingia Masisi-kati Januari 2025, na Machi wakafika Walikale-kati, ambako walikaa majuma mawili kabla ya kuondoka.

Kama kura ya maoni ya nne itaitishwa, tume ya uchaguzi italazimika kwanza kuamua wahamishwa wa wilaya hizi wataandikishwa wapi: kule walikokimbilia, au kule ambako majina yao yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005.